Kumi na Moja

Saa tisa usiku Pipeline imelala.
Natuma pakiti moja ndogo hadi Mombasa na kurudi:
milisekunde kumi na moja.
Naiandika nyuma ya risiti ya gesi.

Saa mbili jioni ghorofa zote nane zimewasha,
mpira, tamthilia, kijana wa 6C anapakia video yake,
waya ni uleule, njia ni ileile,
na pakiti inarudi baada ya mia nane na arobaini.

Mombasa haikusogea.

Gichohi, mwenye nyumba, anasema: basi nilipie kasi zaidi?
Kasi tunayo, namwambia.
Ruta yako pale ngazini, chini ya mita za stima,
haijui kukataa mgeni.
Karibu, keti, karibu, keti,
sebule inafurika
na mlango wa nyuma unatoa mmoja mmoja.

Foleni hii niliijua kabla ya kompyuta.
Jumanne, siku ya maji, mitungi ya njano
imejipanga tangu alfajiri hadi kwa muuza makaa,
wenyewe wamerudi kulala,
na anayetaka kikombe kimoja, cha dawa ya mtoto,
yuko nyuma ya mitungi arobaini ya Kasyoka wa kufua.

Subira huvuta heri.
Nimepima. Hapa subira huvuta subira.

Mama hunipigia kutoka Mwingi, kwa mtandao, ni rahisi.
"Umekula?"
Nimekula, nasema, lakini neno bado liko ngazini
na yeye keshauliza, "Mbona kimya, umekasirika?"
ndipo "nimekula" yangu inamfikia,
kavu, kama mlango uliobamizwa.
Machi tuligombana hivyo, juu ya shamba,
kwa sekunde moja isiyo yangu wala yake.

Jana nilipanda juu ya ndoo nikaifupisha foleni,
nikaifunza ruta kuangusha mmoja mapema
ili waliobaki nyuma wapunguze pupa.
6C alinung'unika kidogo, akazoea.
Saa mbili jioni: kumi na tisa.

Nikampigia Mama.
Akakohoa, na kikohozi kikanifika kikiwa bado moto.
Miaka miwili sikuwahi kukisikia.
"Hicho kimeanza lini?"

Kimya.
Nikatazama kipimo: kumi na tisa.
Safari hii aliyekawia ni yeye.