Gia ya Kurudi

Ilikuwa Boxer yangu nyekundu,
tangi limechubuliwa na magoti ya miaka sita.
Kisha lori la Sake, kisha jiwe,
kisha goti langu la kushoto, lisilokunja tena.
Pikipiki hutaka miguu miwili hata ikisimama.
Nikasema: basi, nitaketi.

Nzigire alicheka, hakuuliza.
Aliyamwaga mabomba ya mraba uani kwake, Ndosho,
juu ya lava ambayo haijawahi kukubaliana na pimamaji.
Upande huu tukatia kipande cha kigae,
upande ule sahani ya bati ya mwanawe,
hata fremu ikalala sawa.
Ramani? Mkaa, nyuma ya bango la mkutano
ambao hatukualikwa.

Umeme huja saa nane za usiku, ukipenda.
Majirani walizoea: ukuta unageuka buluu,
mbwa anabweka mara mbili, anakata tamaa.
Nzigire na kioo chake cheusi,
mimi na tochi mdomoni, mate yakinitoka,
Muhindo, miaka kumi na mitatu, akishika injini
kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.
Chini yake mpira wa tairi la lori, tabaka nne,
isitutikise meno.

Ilizoea upepo usoni, injini ile.
Nyuma ya kiti, gizani, ilifura kwa joto,
ikanuka kama chungu kilichosahauliwa.
Tukakata bidoni la mawese, tukalifanya pua.
Ikanusa barabara. Ikapoa, kidogo.

Mnyororo ulikuwa na kesi yake.
Vidole viwili nje ya mstari, uliruka.
Kidole kimoja, uliruka.
Nzigire akavuta uzi wa cherehani toka jino hadi jino,
akafumba jicho, akagonga nyundo mara moja:
“Hapo.”
Hapo haikuwa hapo. Uliruka tena Jumatano,
ukamchapa bata wa jirani, tukamlipa bata.

Gia, kazi ya mguu wa kushoto,
nikampa mkono wa kulia, na nondo iliyopindwa.
Mkono ulijifunza polepole, kwa aibu,
kama mtu mzima anayeanza kusoma.
Kiki iko nyuma, siifikii;
Muhindo hupiga, huruka ndani, hucheka.

Jumamosi tukapaka rangi. Jumapili hatukungoja.

Kwenye mzunguko, chini ya sanamu ya chukudu,
polisi aliinua mkono, akausahau huko juu.
“Hii ni moto ao gari?”
Huku kwetu pikipiki ni moto,
na kile kinachoshuka mlimani ni moto,
nikashindwa kumjibu haraka.
“Kofia?” Nikamwonyesha mkanda.
“Kumbe gari. Kioo cha mbele?”
Nikamwonyesha kofia.
Alifungua kijitabu chake, akakigeuza,
kama vile adhabu yetu ingekuwa imeandikwa juu chini.
“Rudi nyuma. Weka pembeni.”

Hapo ndipo tulipokaa kimya, mimi na Muhindo.

“Afande, hairudi.”
“Hairudi namna gani?”
“Injini ya moto haikuzaliwa na gia ya kurudi.
Inajua mbele tano.”

Nyuma yetu honi, matusi, kuku mmoja.
Watu wa chukudu waliegesha viazi vyao,
kwani anayesukuma kila siku
hawezi kuona kitu kinahitaji kusukumwa akapita.
Afande akatazama kulia, kushoto,
akatia kijitabu mfukoni,
akaweka viganja viwili juu ya boneti.
“Moja, mbili…”

Tulirudi hatua kumi na moja. Nilizihesabu.

Faini hakuisema tena. Muhindo akapiga kiki,
ya tatu ikashika, nikaingiza ya kwanza
kwa mkono wangu mwanafunzi.
Kwenye kioo nilimwona akibaki katikati ya barabara,
magari yakimzunguka,
akivitazama viganja vyake,
vyekundu vyote viwili.