Joho la Jaji

Nina cherehani moja,
benchi la wanaongoja;
siku hiyo alikuja
mzee Mjerumani.

Jina lake Otomari,
kwao Lubeki, bandari,
jaji tena mashuhuri,
kapanga nyumba Shelani.

Akinunua samaki
huuliza: "Iko haki?
Mizani haipunguki?"
Baya hucheka sokoni.

Ugomvi ukitupata
wa mipaka na wa kuta,
kwake watu walipita:
"Sihukumu, samahani."

Kifurushi kafungua,
joho jeusi katoa,
shingoni limechakaa,
mahameli kifuani.

"Fundi Famau, likate.
Ukilimaliza lote
vitambaa nivipate
vya kufutia miwani."

Nalipima, nikapata
yadi tatu, inchi sita;
sufu nyororo, mafuta,
mkasi ukanihini.

Nikamwambia, "Hasara!
Vazi lingali imara,
mwachie mwana, si bora?"
Akanyamaza benchini.

"Mwanangu, fundi, mwandishi,
na kwangu mimi haishi;
vitabu vyake ni moshi
wa moto wangu jikoni.

Kabla ya vita kuisha
redio aliiwasha
mtu mmoja, kakesha
kusikiza ya kigeni.

Muuza maziwa; mke
na wana watatu wake
walingoja nje wachoke,
ndoo yake mlangoni.

Dakika kumi na tano:
saini yangu kwa wino,
hakuna hata mguno,
na kichwa chake kapuni.

Vikisha, nikabakia
kitini, nikatulia,
cheo nikajipatia
na nishani kwa nishani.

Hakuna wa kuuliza,
hadi mwana kachunguza
faili zenye kuoza,
akaniweka chapani.

Jina langu hakuficha,
wala picha hakuacha;
nasoma usiku kucha,
kosa lake silioni.

Barua kumi na mbili
nimeandika, kamili;
zote zashindwa pahali:
'Mwanangu' — halafu nini?"

Rafuni ilisikika
redio yangu, yacheka,
bei za nazi zashuka;
nikaizima kwa soni.

Kasema, "Iwashe, fundi,
iseme yote Malindi;
kosa lile silitendi
mara mbili duniani."

Nimchukie? Nimwonee
huruma? Au nikae,
chaki yangu niitie
pindoni kama zamani?

Nikakata, nikapinda.
Vikaja mia na kenda.
Nikalipwa, akaenda,
hakusahau thumuni.

Akafa Machi, kwa joto.
Akaja yule mtoto,
mwenye mvi, jicho zito,
akauliza dukani:

"Joho li wapi la baba?
Nimeipekua nyumba,
makabati na mikoba,
nalitaka kitabuni."

Kwenye droo nikatoa
kimoja nilichotwaa
mashine kuifutia,
cheusi, mafuta ndani.

Akakishika kwa nuru
kama hati ya ushuru,
hakulia, kashukuru,
kakikunja kiganjani.

"Niliandika," kanena,
"hukumu, tarehe, jina,
yote niliyoyaona;
sikuandika miwani."

Kaniuliza: "Vioo
akisha kufuta, navyo
aliona nini?" "Hayo
siyajui asilani."

Posta, mwaka ukifika,
kitabu kikadondoka,
lugha nisiyoishika;
nikapekua kwa kani.

Ukurasa wa Famau
nauona, sisahau:
kando pamechorwa guu
la chuma, la cherehani.

Na vile vingine, sawa,
jirani waligawiwa:
ubao ukafutiwa
pale shule ya Barani.

Kimoja kapata Baya;
kwa kicheko na kwa haya
hufuta magamba, waya,
na sahani ya mizani.