Kiti cha Abiria

Injini si yangu kuisemea. Kwa injini
muulizeni Anyosisye, aliyeitandaza juu ya turubai
miezi kumi na minne, nati kwa nati,
akisubiri ringi za pistoni zije na mtu wa kuaminika.
Mimi niliteremshiwa viti viwili
mbele ya cherehani yangu, Mafinga, mwezi wa sita,
ukungu umekaa hadi saa nne
na unga wa mbao kutoka viwandani umelowa.
"Alfa Romeo," vijana wakanong'ona
kama wanaopita msibani.

Cha dereva nilikimaliza kwa siku mbili.
Cha abiria kiligoma.

Juu kabisa, sandarusi ya mbolea
iliyopigiliwa misumari ya viatu,
na mavi ya kuku, makavu kama chokaa.
Huyo ni Chaula wa Ifunda. Alilipata kwa deni la mahindi,
ufunguo hakupewa, wala hakuuhitaji:
miaka kumi na mmoja gari lilitaga.
Kadi haimjui Chaula.

Nikafumua. Chini yake kitenge,
zambarau na njano, kimeshonwa kwa mkono,
mishono mifupi, ya mtu aliyezoea kushona nyama.
Bi Leokadia Nyenza, mkunga. Jina la tatu kwenye kadi,
wino wa bluu, mkono ulionyooka.
Barabara ya Mgololo ilimwona masika yote
akilisukuma zaidi ya alivyoliendesha.
Hapo katikati pana doa, kubwa, la kahawia,
lina kingo kama ziwa kwenye ramani.
Nikakiweka kando, pamoja na vya kuchoma.

Chini ya kitenge, gunia.
Nikalinusa: tumbaku.
Kosta Lambridis, jina la pili, Mgiriki wa mashamba ya Iringa.
Matundu manne ya sigara, yote upande wa mlango;
ya mkewe, nadhani, aliyevuta huku akitazama nje.
Mkunga alimuuguza mama yao hadi pumzi ya mwisho,
na walipofunga mizigo, bei iliyoandikwa kwenye hati
ni shilingi moja.

Ndipo ngozi yenyewe, nyeusi,
imepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Injinia Cattaneo, jina la kwanza.
Alilipandisha Kitonga likiwa bado linanuka dukani,
akalipoteza kwa karata kabla ya mvua kukatika.
Kwenye mshono: pini ya nywele, sarafu ya lira.
Pini ya nani, sijui. Sitabuni.

Nilidhani nimefika.
Lakini chini ya manyoya ya farasi, kwenye kitambaa cha ndani,
penseli: namba fulani, na jina dogo, Ines.
Nikaweka mkasi chini.
Mwenzangu. Naye aliuma uzi kwa meno,
naye mgongo ulimuuma pale pale.

Jumamosi akaja mwenye gari, Alfa Kikoti,
wa malori matatu ya mbao.
Miaka yote nilidhani jina lake ni la kanisani,
la Alfa na Omega.
Nikamwonyesha ngozi mpya, nikamwambia matambara nachoma.
Akainama, akaokota kitenge.
"Hili doa," akasema, "ni mimi."
Usiku wa mvua, karibu na Nyololo, taa moja imekufa,
mkunga amezima injini ili asikie vizuri.

Sikukifua. Nilikirudisha chini ya ngozi.
Anyosisye alifoka: kitavimba, watu wa maonyesho wataona!
Kimevimba.
Na kabla ya kufunga, chini ya Ines,
niliandika langu, kwa penseli.

Jumapili Alfa alimleta mama yake.
Tulimshika mikono wawili, akashuka polepole hadi akafika,
akapapasa ngozi kulia, akapapasa kushoto,
magoti yake yakigusa dashibodi.
"Siku ile," akasema,
"kilikuwa kikubwa."