Mkaguzi wa Mizani

Kutaisi, mwezi Machi. Theluji inageuka tope.
Mzekala amekaa kitini, kinywa wazi,
mikono juu ya mkoba kama anayesubiri basi.
Miaka thelathini na mmoja amekagua mizani za sokoni:
jibini, jozi, pilipili ya unga.
Anawajua kwa majina wauzaji
wanaolikwangua jiwe la kilo kwa tupa, usiku.
Gramu tano tu, husema. Nani atahisi gramu tano?

Yeye huhisi. Ndiyo kazi yake.

Jino lake moja la chini limesimama nyuma ya wenzake
tangu darasa la sita,
kama mtoto aliyechelewa kupigwa picha.
Daktari Shorena hataki kung'oa.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na pengo lenyewe hapa halihitajiki:
kinachotakiwa ni nafasi nyembamba kuliko ukucha,
iombwe kwa meno sita, kila moja litoe kidogo.

Mimi ndiye ninayeandika.

Utepe wa chuma una vumbi la almasi upande mmoja.
Unaingia kati ya jino na jino kwa kunung'unika,
unakwenda, unarudi,
panya anatafuna kiberiti nyuma ya kabati.
Maji. Bomba linafyonza. Utepe unageuzwa.
"Mbili," anasema Daktari. Naandika mbili.
Ni sehemu mbili za kumi za milimita,
unene wa unywele mmoja wa mkia wa farasi,
jino hili limetoa nusu, jirani yake nusu.

Hapo Mzekala anainua kidole.
Anatoa pamba mdomoni, anajifuta.

"Hicho kipimo chako, nani anakikagua?"

Wengine huuliza kama itauma.
Wengine huuliza bei, kisha huuliza tena.
Kwa miaka minane sijamsikia mtu akiuliza hilo,
na Daktari, mwenye jibu kwa kila kitu,
anamkabidhi kile kibati bila neno.

Mzekala anakigeuza mbele ya taa.
Anafungua mkoba. Ndani, kwenye ala ya ngozi,
mikrometa ya kazini, imechakaa pale vidole vinaposhika.
Anaibana taratibu, mpaka inalia *tik*.
Anasoma. Anafuta kibati kwa leso, anasoma tena.

"Mbili," anasema. "Mbili kamili."
Kisha anajilaza, anafumbua kinywa
kwa upana ambao hakuufikia asubuhi yote.

Tatu. Mbili. Tatu. Mbili.
Kingo zinapigwa msasa mpaka uzi unapita bila kunasa.
Floraidi inapakwa, ina ladha ya ndizi
iliyosimuliwa na mtu asiyewahi kuila.

Najumlisha: milimita moja na nukta mbili.

"Na hairudi?"
"Hairudi. Enameli haioti kama ukucha.
Ndiyo maana siendi kupita nusu ya unene wake.
Ndiyo maana huyu anaandika."

Mzekala ananitazama kwa mara ya kwanza.
Anaomba kadi. Anapitisha kidole juu ya tarakimu zangu,
anaijumlisha safu kimoyomoyo, midomo ikicheza,
bado imekufa ganzi kwa baridi ya maji.

"Wale wa sokoni," anasema akivaa koti,
"hawaandiki."

Kufikia Agosti jino limepiga hatua mbele.
Limeingia mstarini, karibu.
Bega moja bado limekaa upande,
na Daktari akasema, tukikwangua nukta moja tu zaidi—
"Acha," Mzekala akamkata. "Hiyo ni yangu."

Siku hizi, kila Jumatatu, kabla wagonjwa hawajafika,
nakichukua kibati, nakifuta,
nakiinua mbele ya taa kama alivyofanya yeye.
Sina mikrometa. Sioni chochote.
Natazama hivyo hivyo.