Mita Mbili Kasoro Shubiri

Baiskeli ya kwenye ramani haikubeba kitu.
Niliiona mezani, ofisi ya manispaa Mtwara,
duara mbili na vistari, nyembamba kama sindano,
na pembeni, kwa penseli nyekundu: mita moja na robo.
Mhandisi Hokororo akauliza, nani ana neno?
Mimi mshika futi tu. Lakini nilikuwa nalo.

Mkuu, nikasema, hiyo baiskeli inakwenda wapi
mikono mitupu hivyo? Inakwenda kusalimia?

Kesho yake alfajiri tukasimama Chikongola,
tukamsimamisha Mchopa na matenga yake ya samaki,
tenga kushoto, tenga kulia, maji ya barafu yakichuruzika.
Mita moja na sentimita kumi,
na hapo hujamhesabu anayetaka kumpita.
Akaja dada wa mkaa, gunia limelazwa kwa ubavu.
Akaja Siwema, kidato cha pili, mdogo wake kwenye keria,
miguu ya mtoto imetanuliwa ikwepe spoki.
Hokororo hakusema kitu.
Aliifuta ile namba kwa kidole gumba.

Basi tukaigombania barabara shubiri kwa shubiri.
Mwenye duka la simenti: wateja wangu washushie wapi?
Wa bajaji: sisi tukaegeshe baharini?
Diwani alitaka rangi, rangi ni nafuu,
mstari mmoja mweupe na kila mtu ana macho.
Nikasema rangi ni ombi.
Zege ndilo katazo.

Tulipata zege, na mita mbili kasoro shubiri.
Hiyo shubiri ilibaki kwa mwenye simenti.

Yaliyofuata hayakupigwa picha.
Mvua ya kwanza ilishusha mchanga wote wa Ligula,
ukajilaza ndani ya njia yetu, laini kama unga wa muhogo.
Mchopa alianguka hapo, saa kumi na mbili na dakika,
changu na tasi wakatapakaa, paka wakapata sikukuu.
Nilipomwinua aliniambia,
gari halikunigusa, siwezi kusema uongo.
Ni mchanga wenu.

Wenu.
Nikaenda ofisini kuomba ufagio.
Fungu la zege lilikuwepo.
Fungu la utepe wa uzinduzi lilikuwepo,
na mkasi wake, hadi leo umo kabatini, mkali, haujakata tena kitu.
Fungu la ufagio mhasibu alilipekua,
akalamba kidole, akapekua,
akasema, andika barua.
Nimeandika tano.

Na zile nguzo za plastiki za kwenye makutano,
kati ya arobaini, kumi na moja zilihama.
Mbili nilizikuta Magomeni zimepandiwa na kunde.
Bi Nandule hakuona haya:
ziligongwa, zikalala chini wiki nzima, akasema,
nami sipendi kitu kilale bure.
Nilikunywa uji wake. Nguzo nikaziacha
mpaka kunde zivunwe.
Kwenye ripoti nimeandika: ufuatiliaji unaendelea.

Sasa Jumamosi nafagia mwenyewe, kwa ufagio wa nyumbani,
mke wangu anajua, ananuna kidogo.
Vipande vya chupa. Maganda ya korosho.
Msumari wa inchi nne. Hereni moja ya buluu,
nimeitundika kwenye ukingo, mwenyewe ataiona.
Siwema akipita hunigongea kengele mara mbili
wala hapunguzi mwendo, na hilo hunipendeza,
asivyopunguza.

Leo kuna bajaji katikati ya njia,
dereva amelala, miguu nje.
Namgonga wayo kwa mpini wa ufagio.
Dakika moja tu, bosi, anasema, macho hajafungua.
Nyuma yangu kengele inalia,
tenga kushoto, tenga kulia, bandeji gotini.

Hiyo dakika yako, ndugu yangu,
ina upana gani?