Msumari wa Pili

Mimi ni mwandika pointi. Miaka kumi na tisa
nimekaa nyuma ya meza ile ya mninga,
kalamu nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu,
ya bluu kwa zilizobaki.
Refa anapuliza, kocha anagombana na mbingu,
mimi naandika.

Msimu ule Njoro tulicheza Ligi Kuu
kama mtu aliyeazima koti la harusi:
tunaogopa kulichafua,
tunaogopa zaidi kulivua.

Februari Dodoma walitufunga kwa pointi arobaini.
Machi basi lilikufa Mombo;
vijana wakaingia uwanjani Tanga wakinuka dizeli,
wakafungwa hivyo hivyo, na harufu yao.
Aprili ni mvua, na uwanja wetu hauna paa.
Tulikausha sakafu kwa magunia ya kahawa,
na bado Lemayani, mita mbili na ushee,
aliruka chini ya ringi akashukia pasipokauka.
Goti likalia *ka!*
Benchi la wageni wakafumba macho.

Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyochukua tisa.
Nasema bati. Ubao wetu wa matokeo ni mbao na misumari,
namba kazichora fundi Mchomvu kwenye vibati vya mraba,
na tisa ya wageni ilikwenda na maji ya mtaroni.
"Pindua sita," nikamwambia Aneti, mjukuu wangu,
ambaye kazi yake ni kutundika.
Mchomvu akatoboa tundu katikati
bati moja lifanye kazi mbili.
Tukacheka sana siku ile.

Mchezo wa mwisho: anayeshinda anabaki, anayefungwa anashuka.
Watu hadi juu ya ukuta wa shule.
Elinisafi, fundi simu wa stendi, mfupi kuliko wote,
alifunga kama mtu anayedaiwa kodi.
Sitini na nane kwa sitini na sita, zetu.
Kisha mgeni mmoja, pembeni kabisa, kidole cha mguu kikiupumulia mstari,
akatupa.
Tatu.
Nikaandika sitini na tisa. Nikaizungushia duara la bluu.
Aneti akapindua bati.

Sekunde kumi na nane.
Upepo ulishuka, upepo wa kila jioni, hauna jina,
ukaligusa lile bati,
likazunguka polepole kwenye msumari wake mmoja
likarudi kuwa sita.

Elinisafi alitazama ubao.
Akadhani refa amekifuta, kwamba jamaa alikanyaga.
Akashika mpira
akaanza kudunda.
Akadunda. Ukuta mzima ukaimba jina lake.
Wageni walisimama mbali, wakamwachia;
wao hesabu yao walikuwa nayo.

Mimi niliona sekunde ya kumi na moja.
Mezani hatusemi. Ndiyo sheria:
neno moja kutoka mezani ni mchezaji wa sita.
Kumi. Tisa.
Nilibana meno mpaka sikio likauma.
Nne. Akarusha mpira juu, angani, kwa furaha,
honi ikalia ukiwa bado haujatua.

Wakambeba begani.
Nami nikainuka na kitabu, nikatembea kwa refa,
hatua ishirini labda,
sijawahi kwenda safari ndefu kuliko ile.

Walipoondoka wote Lemayani alikuja kwa magongo.
Akaweka kidole kwenye moja, akashuka nacho
pointi kwa pointi, robo kwa robo,
mpaka kwenye duara.
"Umeandika vizuri," akasema.
Mpaka leo sijajua alikuwa ananipa au ananinyang'anya.

Jana nimekwenda na nyundo.
Msimu unaanza Jumamosi, daraja la chini, na nani sijui.
Aneti alishika bati kwa mikono miwili.
Hakuuliza.
Nikapigilia msumari wa pili.