Uniti

Miaka kumi na sita nilisimama ubaoni, skuli ya Wete,
nikichora seli kwa chaki ya kijani:
huu utando, hiki kiini,
na hivi vidude kama maharagwe ni mitokondria,
majiko ya mwili. Andikeni.
Wakaandika. Sikujua nawachorea ramani
ya nyumba nitakayokuja kuikalia gizani.

Sasa nalala chumba cha uani, Jadida.
Nje wameanika karafuu,
mtu anazipekua kwa nyayo, anakwenda, anarudi,
na kila akigeuka navuta pumzi
kama kwamba jamvi ni langu na miguu ni yangu.

Nimeoga. Ndiyo kazi ya leo.
Nikifua kitambaa kimoja nalipa kesho
na keshokutwa, kwa riba.
Arusi ya Mwanakombo nilikaa saa moja tu,
sikucheza, nilikula halua mkekani,
nikalala siku tisa.

"Uvivu hauna homa," kasema wifi yangu mlangoni,
akinipima paji kwa macho.
Shehe akaniandikia kombe la zafarani,
nikanywa aya na maji ya waridi,
moyo ukatua. Miguu ikabaki palepale.
Hospitali wakapima damu mara tatu,
kila karatasi ikasema: mzima.
Daktari wa nne, kijana wa Mkoani, akavua miwani:
"Ugonjwa huu una jina. Tiba bado."
Nikalia kwa furaha ya jina.

Kisha Raya katuma chupa kutoka Maskati
ndani ya soksi za watoto, chini ya kahawa:
koenzaimu kyuu-kumi, rangi ya chungwa lililoiva,
kanitini, inanuka ngisi wa juzi,
magnesi,
na B kumi na mbili, nyekundu, ya kuweka chini ya ulimi.
Kaandika kwa wino: "Dada, hizi ni kuni za seli."
Kuni! Nikacheka mpaka nikachoka,
na kuchoka kwangu mimi si mchezo.

Chupa moja ni pishi ngapi za karafuu, simuulizi.
Nazimeza kwa uji,
na kijiko cha habasoda, bibi asije akanuna.
Daftarini naandika, mwalimu ni mwalimu:
Jumatatu, tatu juu ya kumi.
Jumanne, tatu.
Jumatano, mbili: nilimfukuza kuku.
Wiki ya sita, nne. Nne!
Ni chupa? Ni mvua kukatika?
Au nimejua kukaa kabla sijaanguka?
Sijui. Jaribio la mtu mmoja
halina wa kulinganishwa naye.

Mita ya Tukuza ikilia ukutani
Kombo hukimbilia dukani,
hurudi na tarakimu kwenye kikaratasi,
hubonyeza, feni ikazunguka.
Naitazama mpaka macho yanaingia maji.
Za kwangu zinauzwa duka gani?

Jana Faki wa kidato cha pili kaja na daftari.
Seli yake mviringo, kiini mahali pake,
lakini mitokondria kazipa vikonyo
na vichwa vya pembe nne:
karafuu tupu, nane, zimetawanyika kama jamvini.
"Nilisahau umbo, mwalimu.
Nikaona hizi ndizo zinazotuendesha."

Nikaomba kalamu.
Nikaandika moja.
Nikapumzika.
Nikaandika sifuri.